Uhakiki wa Walio Hai

Wageni wakiingia katika kituo chetu cha walemavu kwa mara ya kwanza husema jambo moja kati ya mawili. Wenye dini husema Mungu atatulipa. Wasiojua la kusema husema hujafa hujaumbika, kisha wanashusha pumzi kama watu waliotua gunia. Bi Hodi, mpokezi wetu, ambaye haoni hata mwanga wa jua, ana jibu moja kwa wote: "Andika jina hapo, utaumbwa zamu yako ikifika."

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Wananiita Winchi kwa sababu naweza kumnyanyua mwanamume wa kilo tisini kutoka sakafuni bila kuita mtu. Mama mkwe wangu halipendi jina hilo, anaona halimfai mke wa mtu, lakini kabati lake likitaka kuhamishwa ananipigia simu mimi, hampigii mwanawe.

Uani, chini ya paa la bati, iko karakana ya viti vya magurudumu, na humo anatawala Spoku. Spoku mwenyewe yuko kwenye kiti. Polio ilimchukulia miguu akiwa na miaka mitatu, ikamwachia mdomo kama fidia. Hayo ni maneno yake, si yangu. Anaweza kunyoosha gurudumu lililopinda huku anakugombeza, na kazi zote mbili zikatoka safi. Basi hao ndio sisi. Yupo na mkurugenzi, lakini yeye huwa kwenye semina.

Siku Bwana Muhuri alipoletwa ilikuwa Jumatatu asubuhi. Bi Hodi alimsikia kabla hatujamwona. Aliinua kidole, akatega sikio kuelekea lango, akasema, "Kuna mtu amebebwa. Anayembeba ni mwanamke, na viatu vyake vimeisha kisigino upande mmoja."

Kweli, aliingia mama mmoja mwembamba, umri wa miaka sitini hivi, amembeba mumewe mgongoni. Mume alikuwa mrefu kuliko yeye, miguu inaburuta chini. Amevaa koti na tai, kalamu mbili mfukoni. Upande wa kulia ulikuwa umelala kwa kiharusi, mdomo umekwenda kombo kidogo, lakini macho yalikuwa macho ya mtu anayekagua foleni.

Nilimpokea nikamweka kwenye benchi. Bi Hodi akauliza jina na kazi.

"Msajili Msaidizi Mwandamizi," akasema taratibu, kila neno akilitafuta kwanza.

"Mstaafu," mkewe akaongeza, akihema.

"Mstaafu," akakubali, kama mtu aliyemezeshwa kwinini.

Nilisikia kitu kinaanguka karakanani. Kilikuwa spana. Spoku alikuwa ameikodolea macho ile benchi kupitia mlango wa uani, uso umemkauka.

"Winchi," akaniita kwa sauti ya chini. "Njoo. Unamjua yule ni nani? Yule ni Muhuri."

Kisa chenyewe tulikijua sote, maana Spoku alikuwa ametusimulia mara nyingi, na kila mara tulicheka, kwa jinsi anavyosimulia. Miaka tisa nyuma alikwenda ofisi ya usajili kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yake, aliyetakiwa kuanza shule. Ofisi iko ghorofa ya pili. Lifti haipo, lipo tundu la lifti, wanahifadhia mafagio. Spoku akaacha kiti chini kwa mlinzi, akapanda ngazi arobaini na nne kwa makalio. "Nilizipangusa ngazi za serikali bure, na sketi yangu ilikuwa nyeupe," ndivyo anavyosema. Alipofika dirishani, dirisha lilikuwa limefungwa. Saa sita kasoro dakika kumi, na dirisha hufungwa saa sita. Akagonga. Sauti ikatoka ndani: rudi kesho. Akasema, baba, mimi nimekuja kwa makalio. Sauti ikasema: rudi kesho, na picha za mtoto ziwe na rangi ya bluu nyuma. Alijuaje kwamba picha hazina bluu? Spoku hakupata kujua. Akashuka ngazi arobaini na nne.

Sasa mwenye sauti ile alikuwa kwenye benchi yetu, anahitaji kiti.

"Huwezi kumkatalia," nikamwambia. "Sheria ya kituo unaijua."

"Nani kasema namkatalia?" Spoku akajifuta grisi mikononi polepole, kidole kimoja kimoja. "Nitamhudumia kama alivyonihudumia yeye."

Akajisukuma hadi kwenye benchi, akatabasamu tabasamu ambalo mimi ningeliogopa. "Karibu, mzee wetu. Umekuja na picha mbili ndogo?"

"Picha?" mke akauliza. "Za kiti?"

"Za faili la kiti. Rudini kesho, mama. Ni utaratibu tu."

Nilipaswa kusema kitu. Sikusema. Bi Hodi naye alikuwa ameinamia meza, mabega yakitikisika kwa kicheko. Yule mama akainama, akajipandisha mume mgongoni, akaondoka.

Jumanne walirudi na picha. Spoku alizishika kwenye mwanga, akazigeuza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Nyuma ni nyeupe. Sisi tunataka bluu." Muhuri alikaza jicho moja, lile zima, akamtazama sana. Jumatano wakaja na picha za bluu. Spoku akasema zimependeza mno, sasa imebaki barua ya utambulisho.

Hapo ndipo mama alipofika kikomo. Hakupiga kelele. Alimtua mumewe kwenye benchi, akanyoosha mgongo kwa mikono miwili, ukasikika ukilia kama mlango mbovu.

"Wadogo zangu," akasema, "sijui huyu mtu aliwakosea nini. Najua alikosea watu wengi, mimi ndiye niliyekuwa napika chakula cha jioni anachokula akinisimulia, na anacheka. Lakini hesabuni vizuri. Kila mkisema arudi kesho, anayerudi ni mimi. Yeye anabebwa. Ninambeba chooni, ninambeba kitandani, ninambeba hapa. Kama mnamwadhibu, mnanipiga mimi."

 

Spoku alipatwa na moto mpaka masikioni. Watu wa mdomo mkali wana shida moja: aibu ikiwapata hawana pa kuiweka. Alichomoa futi ya kupimia, akapima nyonga za mzee, akapima paja, akapima mgongo. Akaingia karakanani. Hakutoka kula, hakutoka kunywa maji. Tulisikia msumeno, tulisikia nyundo, tulisikia na matusi machache, lakini yalikuwa ya skrubu. Saa kumi alasiri kiti kilikuwa tayari, kizuri kuliko vyote nilivyomwona akitengeneza, na upande wa kushoto alikuwa ameweka pete mbili za kusukumia, ili mkono mmoja uweze kuendesha magurudumu yote.

Alipokuwa anamfunga mkanda akamuuliza, bila kuinua uso, "Unanikumbuka?"

"Hapana," Muhuri akasema. "Nilikuwa napokea watu mia kwa siku."

"Na kati ya hao mia, wangapi walikuja kwa makalio?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Sikumbuki."

Jibu hilo lilimuuma Spoku kuliko lile dirisha. Aliniambia kesho yake: adui akikukumbuka, angalau ulikuwa mtu kwake. Ukisahauliwa, ulikuwa vumbi.

Basi Muhuri akawa wangu, mara tatu kwa wiki. Nimewahi kuwa na wagonjwa wagumu. Nimewahi kung'atwa. Lakini sijapata kuwa na mgonjwa anayenisahihisha. Nikisema inua mguu mara kumi, yeye anahesabu kwa sauti, na nikiruka namba ananirudisha. Aliona majalada ya Bi Hodi hayajapangwa kwa herufi akaanza kuyapanga kwa mkono mmoja, wakati Bi Hodi alikuwa ameyapanga kwa kugusa, kila moja na mkunjo wake, akijua lilipo. Siku hiyo nilidhani nitaamua ugomvi kati ya kipofu na mwenye kiharusi, na dau langu lilikuwa kwa kipofu.

Kilichomtikisa mzee hakikuwa mazoezi. Yalikuja mambo mengine, madogo madogo. Muuza duka wa jirani alileta chai siku moja, akampa kila mtu, alipomfikia Muhuri akamtazama mkewe juu ya kichwa chake: "Yeye anatumia sukari?"

Muhuri akavimba kwa hasira. "Mimi... niko... hapa," akasema.

"Ooh, anaongea!" muuza duka akafurahi, kisha akamwinamia na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "MZEE! SUKARI?"

Spoku alicheka mpaka akalazimika kushika gurudumu asianguke. "Karibu kwenye chama," akamwambia. "Kiingilio ni heshima yako. Unaiacha mlangoni, na risiti hupewi."

Kwa mara ya kwanza nikaona upande ule mzima wa mdomo wa Muhuri ukicheza kidogo. Huenda lilikuwa tabasamu, huenda ilikuwa misuli. Mimi ni mtaalamu na sikuweza kujua.

Mwezi wake wa tatu kituoni ikaja barua. Mkewe aliileta, tukaisoma kwa sauti kwa ajili ya Bi Hodi. Ofisi ya usajili ilikuwa inawahakiki wastaafu wote. Kila mstaafu afike MWENYEWE, AKIWA HAI, mbele ya daftari la uhakiki, ghorofa ya pili, kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyefika atahesabiwa amefariki, na pensheni yake itasimama.

"Akiwa hai!" Spoku akapiga paja. "Wanaogopa nini, kwamba kuna atakayefika akiwa maiti na kushika foleni? Hebu jamani, ni punguani gani aliyeandika hii?"

Muhuri alikuwa anatazama dari.

"Mimi," akasema mwishowe. "Kulikuwa na marehemu mmoja. Alisaini kwa miaka tisa baada ya kuzikwa. Na mwandiko wake ulikuwa unazidi kuwa mzuri."

Tulikwenda Ijumaa, kwa gari la kituo, mimi usukani. Nyuma walikaa Muhuri na mkewe, na Spoku akaja kwa hiari yake. Alisema anataka kuona kama yale mafagio bado yapo.

Yalikuwepo. Na ngazi zilikuwepo, saruji iliyolainishwa na viatu vya watu kwa miaka arobaini, nyembamba, zenye bomba la kushikilia upande mmoja tu, upande wa kulia. Yaani upande wa mkono wake uliokufa. Mlinzi alipomwona Muhuri aliruka kutoka kitini. "Shikamoo, mkubwa!" Halafu, kabla hajajibiwa, akamgeukia mke: "Mama, mzee anaendeleaje?"

Mke akapanda juu kueleza. Tukasikia mazungumzo, tukasikia kiti kikisogezwa, kisha mtu akajitokeza ghorofani, akainama juu ya ukingo. Alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi cha heshima, miwani imeshikwa na kamba. Muhuri ndiye aliyempokea kazini akiwa tarishi, akamfundisha yote, na sasa alikuwa amekalia kiti chake.

"Shikamoo, mkubwa wangu!" akaita kutoka juu, kwa furaha ya kweli. "Pole sana kwa maradhi! Panda basi, daftari liko wazi!"

"Hawezi kupanda," mke wa Muhuri akasema nyuma yake. "Lishushe wewe."

"Ah, mama, daftari halitoki ofisini. Mzee mwenyewe alitukataza. Lina mnyororo, na mnyororo aliuweka yeye."

"Lakini si unamwona pale? Si yu hai?"

Bwana yule akatazama chini, akatikisa mkono, Muhuri akatikisa wake mmoja. "Namwona, mama," akasema kwa masikitiko. "Lakini namwona isivyo rasmi."

Nikakunja mikono ya blauzi. "Njoo mgongoni, mzee. Dakika mbili tumemaliza."

Muhuri akatazama juu. Vichwa vilikuwa vimeshaanza kuchomoza kwenye ukingo: makarani, wachapaji, mfagiaji, watu waliokuwa wakisimama akipita.

"Sibebwi," akasema. "Hapa, sibebwi."

"Sasa utafanyaje?"

Hakujua. Nilimwona hajui, na lilikuwa jambo geni usoni mwake. Ndipo Spoku akafungua mkanda wake, akajishusha kutoka kwenye kiti, akakaa kwenye ngazi ya kwanza, mgongo umeelekea juu. Akapigapiga saruji pembeni yake.

"Keti hapa. Wewe ulizoea kuziendea kwa uso ndiyo maana huzijui. Mkono wa kushoto, kidato cha juu. Mguu mzima unasukuma. Makalio yanafuata. Usiyaonee haya, mzee; yamekaa ofisini miaka thelathini, leo nayo yafanye kazi."

Nikamshusha. Akapandisha kidato kimoja. Akahema. Cha pili. Spoku alikuwa sambamba naye, akimpa mahadhi: mkono, mguu, kalio, mkono, mguu, kalio. Mimi nilikuwa vidato viwili chini yao, mikono nimeitandaza endapo mmoja atateleza. Na kwa kuwa ngazi zilikuwa nyembamba, na wao wawili wamekaa ubavu kwa ubavu, na mimi si mtu mdogo, ikawa hapana wa kupanda wala wa kushuka.

Hatukupanga hivyo. Nawaapia. Lakini ilikuwa inakaribia saa nne.

Saa nne ofisi nzima hushuka kunywa chai. Wa kwanza alifika na kikombe chake mkononi, akasimama juu yetu. "Samahani, naomba kupita."

"Pita," Spoku akasema.

"Nitapitaje?"

"Hilo ni swali zuri sana. Mimi nimeliuliza miaka tisa."

Nyuma yake wakajipanga wengine, na chini yangu wakajipanga wananchi wenye bahasha zao. Mtu mmoja wa chini alitaka kulalamika, bibi mmoja mwenye mkongojo akamwambia, "Nyamaza, hii ni foleni ya kwanza humu inayosogea."

Kwenye ngazi ya ishirini na mbili, kwenye kona, Muhuri alikwama. Jasho lilikuwa linamtiririka, tai imekwenda mgongoni. Niliweka vidole kwenye mshipa wa shingo yake. Moyo ulikuwa unakimbia lakini unakimbia sawasawa. "Pumzika," nikamwambia.

Akapumzika. Kutoka pale konani linaonekana dirisha dogo huko juu, linalotazama ngazi, la ofisi yake ya zamani. Alilitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Spoku, kwa sauti ya chini ambayo ni mimi tu na yeye tulioisikia:

"Nilikuona."

"Nini?"

"Siku ile. Kupitia dirisha hilo. Nilikuona tangu hapa konani. Sketi nyeupe. Bahasha umeishika kwa meno. Picha zilikuwa zinachungulia nje, nyuma yake nyeupe." Akavuta pumzi. "Nikajua ukifika nitalazimika kukutazama. Nikafunga lile la huduma. Haikuwa bado saa sita."

Nilihofu Spoku atalia, na nilihofu zaidi kwamba hatalia.

"Uliniambia hukumbuki," akasema.

"Niliona haya."

"Hapa ni juu sana, mzee," Spoku akasema. "Nikikusukuma kidogo tu, utafika chini ukiwa umehakikiwa upande wa pili. Na Winchi hapa atasema uliteleza."

Muhuri akanitazama.

"Ningesema," nikakubali. Ndiyo ukweli.

Juu yetu watu wa chai walikuwa wameanza kupiga kelele. Mmoja alisema yeye ana vidonda vya tumbo, lazima ale kwa wakati. Mwingine akamwita mkubwa wao kwa jina na kumwambia ashushe hilo daftari kabla hawajamshusha yeye. Tukasikia mnyororo. Watu wakajibana ukutani, na mrithi wa Muhuri akaja akishuka kidato kwa kidato, daftari kifuani kama mtoto wa kubatizwa, mnyororo unaburuta nyuma yake ukiwa umeng'oka na skrubu zake mbili.

Akachuchumaa ngazi moja juu. "Majina kamili?"

"Unayajua," Muhuri akasema.

"Utaratibu, mkubwa."

Akataja majina yake matatu. Akapewa kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto, akachora kitu kama buibui aliyekanyagwa. Mrithi akalinganisha na saini ya zamani kwenye faili. Uso ukamshuka.

"Mkubwa... hazifanani."

Wale watu wa chai wakaguna kwa pamoja. Mke wa Muhuri, kutoka juu kabisa, akasema neno ambalo sikutarajia mke wa msajili alijue.

"Aliyesaini ile," Muhuri akasema, akitafuta kila neno na kulipata, "ni nusu iliyokufa. Hii ni saini ya nusu iliyo hai. Barua yako inasema mnataka aliye hai. Gonga."

Mrithi akawatazama wa juu, akawatazama wa chini. Akaliweka daftari kwenye kidato, akagonga.

Kushuka kulikuwa rahisi. Garini mke alikuwa akirudia lile neno lake polepole, kama anayeonja.

Spoku hakumsemesha Muhuri kwa wiki mbili. Alitia hewa magurudumu ya kiti chake, alikaza skrubu zake, lakini macho yake aliyaweka kwingine. Wiki ya tatu mzee akajiendesha mwenyewe hadi mlangoni mwa karakana, kwa mkono mmoja, pete mbili, akisimama njiani mara nne.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema.

Spoku alikuwa anapaka rangi. "Sijui," akasema. "Niulize mwezi ujao."

Muhuri akatoa kitabu chake kidogo akaandika tarehe. Mwezi uliofuata, tarehe ileile, saa ileile, akaja akauliza. Akaambiwa bado. Akaandika tarehe nyingine. Hajakosa hata mwezi mmoja mpaka leo, na Spoku hajawahi kumkubalia wala kumfukuza. Siku moja mzee alichelewa kwa sababu ya mvua, nikamwona Spoku anachungulia lango mara tatu, na kila mara akinikuta namtazama alijifanya anatafuta bisibisi.

Katikati ya hayo Muhuri aliandika barua kwa ofisi yake ya zamani, kudai lifti. Aliandika kumi na moja, kwa ule mkono wa buibui, Bi Hodi akizipeleka kuchapwa. Kila barua ilitaja kanuni, kifungu na aya, na kila ilipojibiwa kwamba suala linashughulikiwa, aliandika nyingine akitaja kanuni inayosema suala haliwezi kushughulikiwa zaidi ya siku tisini. Alijua mashimo yote, alichimba mengine mwenyewe. Lifti haikuja. Ilikuja meza, chini kabisa, kando ya mlinzi, siku mbili kwa wiki, na karani mmoja aliyeteremshwa huku amenuna. Spoku alikwenda kuikagua. Alirudi akasema meza iko juu mno, mtu wa kwenye kiti anaona miguu ya karani tu, na soksi zake hazilingani. Muhuri akaandika ya kumi na mbili.

Nami nilimfikisha mzee kwenye hatua sita. Hatua sita, akishikilia yale mabomba mawili ya mazoezi, akizihesabu mwenyewe maana haniamini. Mkewe hakuziona. Siku hiyo alikuwa amemleta, akaketi kwenye godoro la mazoezi kwa dakika moja tu, alisema, avue kiatu. Nilipogeuka alikuwa amelala. Alilala chali, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga, mama mwembamba vile, sijui sauti yote aliitoa wapi.

Nilikuwa na wagonjwa watano wanangoja godoro hilo. Muhuri akanitazama, nami nikamtazama. Spoku akaja akamfunika mama miguu kwa koti la kazi, lenye grisi, lakini ndilo lililokuwepo. Tukatoa viti nje, tukafanya mazoezi uani, juani, kila mtu akinung'unika kwa kunong'ona. Bi Hodi akaondoa mkono wa simu mahali pake ili isilie. Mama akalala kwa saa tatu na nusu.

Alipoamka alikasirika kwamba hatukumwamsha. Akatafuta kiatu chake, hakukiona. Spoku alikuwa nacho karakanani, anakipigilia kisigino.